Rimoti ya Karavani

Roselyne Naliaka alikuwa na ufundi mmoja ambao hakuna aliyemfundisha, na ambao familia ya Baba Fahd ilijisifu nao kana kwamba ni wao walioubuni: alijua kuipoza karavani.

Karavani yenyewe ilikuwa nyumba nyeupe ya magurudumu, vitanda vinne, jiko la pembeni na kiyoyozi kimoja cha ukutani. Watu wengine wa Riyadh husubiri majira ya baridi ndipo watoke kupiga kambi jangwani, lakini Baba Fahd hakuzaliwa na subira. Yeye alianza kutoka mwezi wa kumi, jua likiwa bado lina hasira zake, na alipofika huko alitaka kuingia karavanini akute baridi ya kumfanya avute blanketi. Kazi hiyo ilikuwa ya Roselyne, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Kaptama, chini ya Mlima Elgon, aliyekuwa na familia hiyo mwaka wa nne sasa.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alimwambia Protus, dereva, aegeshe ubavu wenye dirisha kubwa ukitazama kaskazini. Kisha alibandika madirishani ile karatasi ya kung'aa ya kufunikia nyama, upande unaong'aa ukiangalia nje. Akafungua kidirisha cha paani kwa dakika kumi, ili joto lililolala humo tangu asubuhi litoke lenyewe, maana kuwasha kiyoyozi juu ya joto la jana ni kukitesa bure. Chujio lake alikuwa ameshaliosha, kwa kuwa vumbi la jangwani halijui adabu. Ndipo alipobonyeza rimoti, akafunga mlango, na ole wake mtoto atakayeuacha wazi. Baada ya saa moja na nusu familia iliingia, wakavua viatu, wakashukuru Mungu kwa ubaridi. Yeye alirudi kwenye hema la jikoni, ambako ndiko alikolala. Hakulalamika. Usiku wa jangwani una upepo wake.

Sasa mwaka huu, shule zilipofungwa, familia nzima ilihamia Jeddah kwa miezi miwili, nyumbani kwa mama yake Madam Hessa, mke wa Baba Fahd, mtaa wa Aziziya. Wafanyakazi wote walimwita bibi huyo Mama Kabira, mama mkubwa, na nyumba yake siku hizo ilikuwa imejaa hadi ngazini: mabinti wengine wawili na watoto wao, muuguzi wa bibi, na msichana wa jikoni. Protus alikuwa ameivuta karavani kutoka Riyadh, karibu siku nzima barabarani, akaiingiza kinyumenyume uwanjani, kati ya ukuta na geti. Madam Hessa akamwambia Roselyne kwamba hicho ndicho chumba chake.

Roselyne alifurahi, na hakuificha furaha yake. Miaka minne amewapozea watu nyumba hiyo, leo atalala yeye. Alipiga picha kitanda alichokichagua, kile cha chini ya kiyoyozi, akamtumia dada yake Celestine kule Kaptama. Celestine akamjibu kwamba ameshakuwa Mwarabu kamili, asisahau kuvaa soksi.

Furaha hiyo ilidumu robo saa. Umeme wa karavani ulikuwa umevutwa kwa waya mwembamba kutoka jikoni, na jikoni kulikuwa na oveni inayowaka tangu magharibi. Kiyoyozi kilipoanza tu kuvuta pumzi, swichi kuu ikaruka, nyumba yote ikawa giza, na tamthilia ya Mama Kabira ikakatika pale pale mume alipokuwa akinaswa kwa uongo wake. Ilikuwa ni vurugu tupu. Madam Hessa alitoka na tochi ya simu, akachukua rimoti mkononi mwa Roselyne, akaitia kwenye mkoba wake. Akasema AC halas, imekwisha, mpaka warudi Riyadh.

Asubuhi Protus alimweleza bosi kwamba dawa ni ndogo. Aruhusiwe tu kutafuta waya mnene, auunge moja kwa moja kwenye sanduku la umeme lililo karibu na geti, jikoni waendelee na mambo yao. Baba Fahd akasema kesho, inshallah. Kesho yake akasema kesho, inshallah. Siku ya tatu Protus akaacha kuuliza, maana dereva naye ana mipaka yake.

Roselyne mwenyewe alikwenda kwa Madam. Alimweleza kwa Kiarabu chake cha jikoni, pole pole, kwamba saa za mapumziko baada ya chakula cha mchana oveni huwa imezimwa, kwa hiyo saa hizo umeme hauwezi kuruka. Awashiwe hizo saa mbili tu, apate usingizi. Na usiku, oveni ikishazimwa, hivyo hivyo. Madam Hessa alimsikiliza huku akipaka mkono mafuta. Hakuwa mwanamke mbaya. Sikukuu alimpa zawadi, na mama yake Roselyne alipougua alimpa simu yake apige nyumbani kwa video. Lakini kuna mambo ambayo mtu akishayaamini hana haja ya kuyafikiria tena.

"Wewe ni wa Afrika, Roselyne," alisema kwa upole. "Joto ni lenu."

"Madam, kwetu mwezi huu tunavaa sweta."

Madam alicheka. Roselyne akamwonyesha picha ya Celestine akikama ng'ombe, kofia ya sufu kichwani, mvuke ukimtoka mdomoni. Madam akaitazama, akasema ni picha nzuri, akamrudishia simu.

Basi akawa analala humo. Kulikuwa na kipimajoto karibu na mlango, na hicho ndicho kilichokuwa adui yake, kwa sababu kilisema kweli. Saa nane mchana kilisoma arobaini na saba. Saa nne usiku kilisoma thelathini na tisa. Riyadh joto ni kavu, unaweza kulikimbilia kivulini. La Jeddah lina maji ya bahari ndani yake, linaingia na wewe popote. Alilowesha leso akajifunika, ikawa ya moto. Alifungua madirisha, ikaingia hewa nzito kuliko ile ya ndani. Alijaribu kulala sakafuni jikoni, akaambiwa hapana, wanaume wa nyumba hupita pale kuchukua maji, si heshima. Vipele vilimtoka shingoni na kwenye kwapa. Siku ya tano alidondosha kikombe cha seti ya Mama Kabira kwa sababu alisinzia amesimama, na Madam akasema Roselyne siku hizi amekuwa mzembe. Neno hilo lilimuuma kuliko vipele.

Protus alimwonea huruma. Alikuwa mtu wa Butere, mwenye hekima ya kuishi na mabosi, na hekima yake ilikuwa ni kutoonekana. Mchana mmoja, nyumba imelala, alisimama kwenye mlango wa karavani, akanyoosha kidole.

"Inua hicho kifuniko cha AC," alisema. "Huko ndani kuna kakitufe kadogo. Ndiko fundi hubonyeza rimoti ikipotea. Bonyeza, itawaka. Wakianza kuamka, bonyeza tena. Nani atajua?"

Roselyne alibonyeza. Kiyoyozi kikawaka. Alijilaza chini yake kwa saa nzima, na usingizi haukuja. Kila mlango uliolia ndani ya nyumba ulimwinua kitandani. Mtoto alipokohoa, akazima. Kimya kiliporudi, akawasha. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtu aliyejificha kabatini kwa watu. Siku ya pili ilikuwa vile vile, na alipotoka humo kwenda kuosha vyombo alijiona mwizi. Miaka minne hakuwa ameonja hata tende ya nyumba ile bila kuambiwa onja. Leo ameiba nini? Ameiba hewa. Hasira ikampanda pale kwenye sinki, hasira safi kabisa, si ya kulia.

Alimwambia Protus kwamba harudii tena. Protus akauliza kwa nini, kwani wamemwona?

"Hawajaniona. Na hiyo ndiyo shida," alisema Roselyne. "Usingizi si kitu cha kuiba. Wanipe rimoti mkononi, ama niungue hivyo hivyo, lakini sijifichi."

"Rose, hiyo mdomo yako itakupeleka erpoti," alisema Protus, na hakuwa anatania. Mkataba wake Roselyne ulikuwa unaisha mwezi wa kumi, na alitaka kuongeza miaka miwili. Alikuwa amezoea nyumba ile, watoto wale, hata makelele ya Baba Fahd. Kwa kifupi, alikuwa na kitu cha kupoteza.

Siku ya tisa mambo yaligeuka, na hayakugeuzwa na huruma. Madam Hessa alipata habari kwamba binamu zake wanakuja kunywa kahawa baada ya alasiri, na mmoja wao, ambaye mume wake anafanya kazi ya nyaraka bandarini, anataka kununua karavani. Ameomba aione hii inayosifiwa. Saa tano Baba Fahd alimwita Protus. Saa sita Protus alikuwa amekwenda hadi mtaa wa Al-Mahjar, kwa duka la vifaa vya umeme aliloelekezwa na Mkenya mwenzake, na saa saba alikuwa amerudi na waya mnene begani. Kufika saa saba na nusu ulikuwa umeungwa kwenye sanduku la getini. Oveni iliwaka, kiyoyozi kikawaka, na nyumba haikushtuka. Siku nane za inshallah zilimalizwa kwa muda wa saa mbili na nusu.

Roselyne aliyaona yote hayo akiwa amesimama na ufagio. Protus naye alipopita karibu yake hakuthubutu kumtazama usoni.

Madam Hessa alifungua mkoba, akatoa rimoti, akampa. Akamwagiza aipoze kama anavyojua yeye, wageni waingie wakute baridi ya kutetemeka. Na jambo la pili: vitu vyake vyote avitoe, avitie kwenye lile sanduku la chini ya karavani, lile la mabomba. Ionekane mpya. Ionekane kama haikai mtu.

"Yalla, Roselyne," alisema, tena kwa tabasamu.

Alikwenda. Na niseme ukweli wake: kazi yenyewe aliifanya kwa mapenzi, maana fundi hawezi kuharibu kazi yake kwa ajili ya kumkomoa mtu. Alivuta turubai ya kivuli upande wa magharibi. Alibandika karatasi ya kung'aa, akalainisha mikunjo kwa kiganja. Aliosha chujio, likatoa tope. Alifungua kidirisha cha paani, akasubiri dakika kumi zake nje, jua likimchoma utosi. Kisha akakifunga, akaingia, akabonyeza. Alikaa sakafuni kutazama kipimajoto kikishuka. Arobaini na tano. Thelathini na nane. Thelathini na moja. Kilipofika ishirini na nne, ngozi yake ililegea, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaita. Siku zote hizi mwili wake ulikuwa umejikaza na hakujua.

Akaanza kukusanya vitu. Leso mbichi kutoka kwenye kamba. Biblia. Picha ya mama yake. Ndala. Dawa ya vipele. Ukiacha sanduku lake la safari, lililokuwa chini ya kitanda, vyote vikaenea kwenye mfuko mmoja wa dukani, na mfuko ulipojaa alisimama nao mlangoni, tayari kuutia kwenye sanduku la mabomba. Hapo ndipo alipojiuliza swali lililoamua kila kitu. Wageni wakiondoka, rimoti itarudi wapi? Alilijua jibu. Itarudi mkobani, na waya mnene utabaki umelala uwanjani bila kazi, na yeye ataambiwa atoe vitu vyake sandukuni alale.

Aliurudisha mfuko kitandani. Akatoa kitu kimoja kimoja, akakiweka mahali pake. Leso akaitundika katikati kabisa, mtu apite akiinama. Picha ya mama akaiegemeza dirishani. Ndala akazipanga mlangoni, pua zikitazama nje. Kipimajoto kilikuwa kimefika kumi na tisa, na alihisi baridi, baridi kweli ya Kaptama. Akafungua sanduku lake la safari, akavuta sweta ya kijani aliyofumiwa na Celestine, sweta ambayo miaka minne haikuwahi kutoka humo. Akaivaa. Akaketi kitandani kwake, mikono juu ya magoti.

Walikuja wanawake watano, Madam Hessa mbele akieleza, na nyuma kabisa Mama Kabira na fimbo yake, ameshikwa na muuguzi. Mlango ulifunguka. Wa kwanza kuingia alisema mashallah kwa ule ubaridi, halafu akaikumba leso kwa uso. Wakaona ndala. Wakaona kitanda kilichotandikwa blanketi la kazi. Wakamwona mwanamke aliyevaa sweta mwezi wa saba, Jeddah.

Madam Hessa alicheka haraka. Aliwaambia kwamba msichana alikuwa anasafisha tu, humu halali mtu.

Mama Kabira hakucheka. Macho yake yalikuwa yamezeeka lakini hayakuwa yamezibwa. Alitazama dawa ya vipele, akatazama shingo ya Roselyne.

"Nani analala hapa?" aliuliza.

"Mimi, Mama Kabira," alisema Roselyne. Alisimama kumpa heshima yake, lakini sauti hakuipunguza. "Tangu siku tuliyofika. Hii baridi ni ya wageni. Yangu ni mafi, hakuna. Rimoti hukaa kwa madam. Nimewasha AC siku mbili kwa kificho, mchana mkiwa mmelala, na nawaambia mwenyewe msije mkaambiwa na mtu. Sitaiwasha tena kwa kificho."

Yule binamu wa kununua karavani alijishughulisha na kufungua kabati tupu. Mama Kabira aliketi polepole kwenye kitanda cha Roselyne, akauegemeza mkono kwenye fimbo, akasema wafunge mlango, baridi inatoka. Akakaa hapo muda wa kunywa vikombe viwili vya kahawa ambavyo havikuletwa, na alipoinuka hakusema kitu kwa binti yake mbele ya watu. Kwa Roselyne alisema kwamba sweta imefumwa vizuri.

Kama ulitegemea bibi amalize kesi, pole. Wazee nao huchoka. Jioni hiyo kabla ya magharibi Madam Hessa alirudi karavanini peke yake, uso umemwiva, akanyoosha mkono. Alitaka rimoti.

Roselyne aliitia kwenye mfuko wa sweta.

"Umeiaibisha nyumba yangu mdomo wako," alisema Madam. "Nipe."

"Umeme hauruki tena, madam. Waya upo. Rimoti inakaa na anayelala hapa."

"Mwezi wa kumi mkataba unaisha. Sitauongeza. Unaelewa? Halas. Unaenda kwenu."

Roselyne alielewa. Aliiona ile miaka miwili ikiondoka kama mtu anayemjua akiteremka kwenye gari. Kwa kitambo kidogo mkono wake uligusa rimoti mfukoni, na ingekuwa rahisi sana kuitoa.

"Sawa, madam," alisema. "Mpaka mwezi wa kumi inakaa kwangu."

Madam Hessa angeweza kuita mume wake, angeweza kukata umeme getini. Alisimama pale, mkono umenyooka, mpaka mkono wenyewe ukachoka. Kisha akaondoka na kuuacha mlango wazi. Roselyne aliufunga.

Usiku huo alilala mpaka adhana ya alfajiri ikamwamsha, na aliamka akiwa mtu tena. Protus alipokuja kuosha gari alimwambia kwamba amejikatia tiketi mwenyewe. Roselyne akasema ndiyo, na amelala. Tangu siku hiyo kiyoyozi kiliwaka kila alipoingia humo, mchana na usiku, mpaka walipofunga safari ya kurudi, na hakuna aliyekuja tena kunyoosha mkono.

Madam Hessa alikuwa mtu wa neno lake. Mwezi wa kumi, Riyadh, alifika msichana mpya kutoka Kakamega, jina lake Mitchelle, bado ananukia ndege, ikama yake, kile kibali cha ukaazi, hata haijatoka. Roselyne alikuwa amebakisha siku sita. Baba Fahd, subira imemwisha kama kawaida, alitaka kwenda jangwani Ijumaa, na ikabidi Madam amwombe Roselyne kwa sauti ya chini amfundishe mwenzake kuipoza karavani kabla hajaondoka. Alikubali mara moja.

Alimfundisha mchana kutwa, uwanjani. Dirisha kubwa kaskazini. Karatasi inayong'aa nje. Kidirisha cha paani dakika kumi, si tano. Chujio. Akamweleza kwamba kambini atalala hemani na hapo hana ugomvi, lakini mwezi wa saba watampeleka Jeddah, na huko atalala humu humu. Mitchelle alikuwa mwepesi, alirudia kila hatua bila kukosea. Kipimajoto kikashuka hadi ishirini, wote wawili wakaketi kitandani wakicheka kwa raha.

"Vizuri sana," alisema Roselyne. "Sasa ni Jeddah, umemaliza kazi, imepoa. Rimoti unaiweka wapi?"

Mitchelle alifikiri kama mtu mwenye adabu.

"Namrudishia madam."

Roselyne aliinuka, akazima kiyoyozi, akafungua mlango, akafungua na madirisha yote. Joto la Riyadh likaingia, likakaa. Akaichukua rimoti, akaitia mkononi mwa Mitchelle, akamkunja vidole vyake juu yake kimoja baada ya kingine.

"Bado hujajua," alisema. "Tunaanza upya."